Fundi Anajibu: Bahari ya Lita 30

Miezi kadhaa iliyopita nilieleza kwa mistari michache jinsi nilivyojenga tangi dogo la maji ya chumvi kwa akriliki, ile plastiki ngumu angavu kama kioo, iliyobaki kwenye kazi zangu za mabango hapa Dar es Salaam, nikaweka matumbawe hai ndani yake. Barua zilizoingia tangu hapo zimejaza droo. Basi ukurasa wote wa safari hii ni wa jambo hilo moja. Naanza na barua ya mwalimu kwa sababu ameuliza waliyouliza wengi.

VIPIMO, GUNDI NA MAJI

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa biolojia sekondari, hapa Tanga. Wanafunzi wangu wamezaliwa hatua chache kutoka baharini lakini wengi hawajawahi kuona tumbawe likiwa hai. Wanalijua kama jiwe la kujengea. Nataka kuwawekea tangi dogo maabara. La kioo naogopa litavunjwa. Naomba vipimo vya boksi la akriliki, namna ya kugundisha, na unieleze maji niyatoe wapi. Mkuu wa shule amenipa mwezi mmoja. – Mwalimu, Tanga

Marahaba, mwalimu. Nianze na hilo la mwisho: mwezi mmoja hautoshi. Boksi litakuwa tayari baada ya wiki mbili hivi, ila maji yanahitaji wiki 4 hadi 6 yakae bila samaki hata mmoja, na nitakwambia kwa nini. Mwombe mkuu wa shule muhula mzima. Afadhali aone tangi lenye mawe matupu kwa mwezi kuliko watoto wakute samaki wanaelea tumbo juu.

Boksi langu lina urefu wa sentimita 45, upana 30 na kimo 30, kwa akriliki ya milimita 6. Ukiweka mawe na kuacha nafasi kidogo juu, maji yanayobaki ni kama lita 30. Usiongeze kimo. Kinachosukuma kuta ni kimo cha maji, wala wingi wake hauhusiki. Ukitaka sentimita 40 kwenda juu, milimita 6 haifai tena, nunua ya 10.

Vipande ni sita. Sakafu ni milimita 450 kwa 300. Kuta za mbele na nyuma ni 450 kwa 288 kila moja, na kuta za ubavuni ni 288 kwa 288. Cha sita ni fremu ya juu, 450 kwa 300, iliyotobolewa katikati ikabaki na mkanda wa milimita 50 pande zote. Wengi huiacha fremu hiyo wakidhani ni pambo. Akriliki hupinda kuliko kioo, na bila mkanda ule ukuta wa mbele utatoka tumbo. Pembe za tundu la fremu ziwe za mviringo, maana ufa huanzia kwenye pembe kali. Tena kabla ya kukata, pima unene kwa vernia, kile kipimio cha unene: akriliki inayouzwa kama ya 6 mara nyingi haifiki 6 kamili, na hiyo 288 yangu inategemea 6 kamili. Rekebisha hesabu kwa unene ulioupima.

Shiti nzima kwenye maduka ya mabango ni futi 4 kwa 8, nawe huihitaji. Boksi hili linakula karibu robo yake. Omba vipande vilivyobaki. Akriliki zipo za aina mbili, iliyomiminwa kwenye kalibu na iliyosukumwa kwenye mashine kama tambi. Wewe taka iliyomiminwa. Muuzaji asipojua, kata kona kidogo kwa msumeno: iliyomiminwa hutoa unga mkavu, iliyosukumwa hutoa nyuzi zinazonata na kuvutika. Hii ya pili kwa bango haina neno, lakini ikikutana na gundi hupata nyufa kwa urahisi.

Na usikubali kukatiwa kwa leza. Hili nalisema kwa uchungu. Tangi langu la kwanza nilikatiwa kwa leza kwenye duka moja, kingo zikatoka ziking'aa, nikafurahi nikagundisha jioni ileile. Asubuhi nilikuta nyufa nyembamba kama nywele zimetoka kwenye kila kiungo na kuingia nusu sentimita ndani ya akriliki. Leza hukata kwa kuyeyusha, na ukingo ukipoa unabaki umejikaza. Gundi ikiugusa, mkazo ule huachia kwa kupasuka. Wanaopitisha moto wa gesi ukingoni ili ung'ae kabla ya kugundisha hupata balaa hilohilo. Mwambie fundi akate kwa mashine ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta, yenye kisu kinachozunguka, au kwa msumeno wa meza wenye meno madogo mengi. Kisha kwangua ukingo kwa mgongo wa kisu, umalizie kwa msasa wa 320 uliobandikwa kwenye ubao ulionyooka. Ukingo unaofaa una ukungu mweupe sawasawa, haung'ai wala hauna mawimbi.

Gundi ni ile ya majimaji, na kemikali yake kuu ni daikloromitheni. Haishiki kama gamu. Huyeyusha akriliki ya pande zote mbili, pande hizo zikaungana, kisha yenyewe ikapaa. Kwa hiyo haizibi pengo: pale ambapo vipande havigusani hapatakuwa na kiungo. Silikoni ya vioo usiifikirie kabisa, haishiki akriliki, itabanduka kama ngozi ya maziwa. Gundi yenyewe ni sumu, mwalimu. Ukiuvuta mvuke wake, mwili huugeuza kuwa monoksidi ya kaboni, hewa ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Gundisha nje, penye upepo, wanafunzi wakae mbali. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu.

Angalia na hali ya hewa. Gundi hii huchemka kwa nyuzi 40 tu, kwa hiyo kwenye jua la Februari inapaa kabla haijafika mwisho wa kiungo. Siku zenye unyevu mwingi nazo, ikipaa haraka hupoza ukingo mpaka umande ukashika, kiungo kikawa cheupe kama tui na kikakosa nguvu. Mimi hugundisha kipupwe, Juni hadi Septemba, kuanzia saa 4 asubuhi umande ukishakauka. Ukibanwa na muda, angalau usifungue chupa siku ya mvua.

Sasa kiungo chenyewe. Simamisha ukuta wa nyuma juu ya sakafu, uhakikishe kwa skwea, uushike kwa mkanda wa karatasi. Chini yake pitisha sindano nyembamba za kushonea, moja kila sentimita 7 au 8, ili ukuta uwe juu ya sakafu kwa unene wa unywele. Vuta gundi kwenye bomba la sindano la hospitali. (Nunua mabomba matatu au manne, mpira wa ndani huvimba na kugoma.) Anza kona ya kushoto, sogeza ncha polepole. Utaona mstari unakimbia wenyewe mbele ya ncha, na ule ukungu mweupe wa ukingo unageuka kuwa mweusi unaong'aa, kama kanga inavyokolea rangi ikiingia majini. Mstari ukikatika, hapo pana kiputo; rudi nyuma kidogo, ongeza tone moja, usubiri upite. Hesabu sekunde 30 hadi 60, kisha chomoa sindano mojamoja. Ukuta utashuka wenyewe juu ya akriliki iliyolainika. Uwekee kitu cha kilo moja au mbili juu, uondoke.

Namaanisha uondoke hasa, ukafundishe kipindi. Viungo vingi vibovu nilivyoletewa kukarabati viliharibiwa na mkono uliorudi kutingisha kuona kama kimeshika. Mimi hufanya kiungo kimoja kwa siku. Cha mwisho kikikauka liache boksi wiki nzima, ndipo ulijaze maji ya bomba likiwa limekaa juu ya magazeti makavu kwa siku tatu. Gazeti likiloa utajua ni kona ipi. Meza iwe imenyooka kwa pima maji na sakafu yote ya boksi iilalie. Likijaa litakaribia kilo 45 pamoja na mawe.

Maji. Ghuba ya Tanga inapokea mito miwili, Zigi na Mkulumuzi, kwa hiyo ukichota pwani karibu na mji utapata maji yenye tope na chumvi pungufu, masika ndiyo usiseme. Usichote bandarini pia. Tafuta mvuvi wa ngalawa unayemwamini, umpe madumu mawili safi ambayo hayajawahi kuwekwa mafuta wala sabuni, akuchotee nje ya miamba siku za bamvua, maji yakiwa yanajaa. Maji ya kujaa yanatoka bahari kuu. Ya kupwa yamekwisha kuosha mikoko na mitaro yetu. Yaweke gizani siku chache yakipuliziwa hewa, uyachuje kwa kitambaa kizito. Kipimo cha chumvi unachokitaka ni gramu 35 kwa kila kilo ya maji, au 1.025 hadi 1.026 kwenye rifraktomita.

Ndipo wiki zile za kusubiri. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, nayo ni sumu kali. Aina moja ya bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao hukaa kwenye matundu ya mawe, na katika tangi jipya hawapo wa kutosha. Weka kipande cha kamba mbichi cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kioze humo. Wanafunzi wapime kila baada ya siku mbili, wachore grafu tatu kwenye karatasi moja: amonia itapanda na kushuka, nitriti itafuata kupanda na kushuka, nitreti itabaki ikipanda. Mbili za kwanza zikiwa sifuri siku kadhaa mfululizo, badilisha theluthi ya maji, tangi liko tayari. Kwa mwalimu wa biolojia nadhani wiki hizo sita zina somo kubwa kuliko samaki wenyewe.

Mawe ya kuweka yamo kwenye jibu linalofuata. Kwa kuwa uko Tanga, kumbuka tu kwamba sehemu ya pwani yenu ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (yule samaki wa kale) tangu 2009, na mtoto asiambiwe aende kuokota kitu huko.

VIPANDE VITATU TU

Salaam Mzee Fundi. Mimi hutembea kwenye miamba ya Nyali maji yakipwa. Matumbawe yako mengi, mengine yamekwisha vunjwa na mawimbi. Nikichukua vipande vitatu vidogo kwa ajili ya tangi langu nitakuwa nimeharibu nini? – Msomaji, Mombasa

Nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuchukua. Jibu langu ni usichukue, na nitakupa sababu zangu zote.

Sehemu ya bahari hapo kwenu ni hifadhi tangu 1986, na ndani ya mipaka yake hata kome tupu haliokotwi. Matumbawe yote magumu, popote duniani, yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, maana yake hayavuki mpaka bila kibali. Hiyo ni sheria. Lakini hebu kitazame na hicho kipande unachokiona kimevunjwa na mawimbi. Kama bado kina rangi, kiko hai. Kikikwama penye utulivu, kitashika mwamba na kuanza kukua upya. Matumbawe mengi yenye matawi huongezeka kwa njia hiyo. Mwaka 1998, joto la El Niño lilipoingia baharini, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa, na miamba iliyopona imejengeka upya kwa vipande na mbegu zilizobaki. Niliwahi kuogelea na wavuvi waliouona mwamba kabla na baada ya mwaka ule. Wanavyouzungumzia ni kama mtu anavyozungumzia nyumba aliyozaliwa ikabomolewa.

Zaidi ya hapo, tumbawe gumu linahitaji kalsiamu na mwanga usioyumba, na tangi jipya haliwezi kulipatia hivyo. Litakufa mikononi mwako.

Cha kufanya ni hiki. Mawe yatengeneze mwenyewe: saruji kipimo kimoja, mchanga mnene na makome yaliyopondwa vipimo vitatu, chumvi ya mawe kipimo kimoja. Changanya na maji kidogo sana, finyanga ndani ya mchanga wenye unyevu, utoboe kwa kidole. Yakishika, yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, ukiyabadilisha kila wiki. Chumvi itayeyuka na kuacha matundu, ambayo ndiyo makao ya bakteria niliowaeleza kwa mwalimu. Saruji mbichi huyatia maji ukali wa chokaa, kwa hiyo vumilia wiki 6 hadi 8, na usiyaweke tangini mpaka pH (kipimo cha ukali huo) ya maji ya kulowekea ishuke ikae karibu na 8.

Au tumia jiwe la matumbawe linalochimbwa nchi kavu, lile la kujengea. Ni mwamba wa zamani sana, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo; matumbawe ya matuta ya pwani yenu yalikuwa hai yapata miaka 125,000 iliyopita. Hakuna kiumbe utakayemnyang'anya nyumba. Chagua jiwe jipya kutoka machimboni, usichukue la nyumba iliyobomolewa lenye rangi au mafuta, ulisugue vizuri, uliloweke wiki mbili. Tangi langu lina mawe matatu ya namna hiyo na leo huwezi kuyajua, yameshikwa na mwani wa zambarau pande zote.

Tumbawe lenyewe anza na laini, tena kijipande kutoka kwa mtu anayefuga tayari. Yale laini hukatwa kama chipukizi la muhogo na kushika tena ndani ya wiki chache. Tahadhari moja kubwa: yale yanayofanana na vifungo vya shati vilivyopangwa pamoja, zoanthidi na Palythoa, mengine yana sumu iitwayo palitoksini. Vaa glavu na miwani ukiyakata, usiyashike ukiwa na kidonda. Na jiwe lolote lililotoka baharini lisichemshwe jikoni kwa nia ya kulisafisha. Kuna watu waliolazwa hospitali, nyumba nzima, kwa mvuke wa sufuria kama hiyo.

MAJI YA KIYOYOZI

Asalamu alaykum Fundi. Huku Muscat kiyoyozi kinawaka mchana kutwa na kinanipa ndoo ya maji safi kila siku. Naweza kuyaongeza tangini? Na swali la pili: lile tangi la Dubai Mall ni kioo au ni hii akriliki yako? – Msomaji, Muscat

Waalaykumu salaam. Maji hayo yasiingie tangini. Yanachuruzika juu ya mabomba ya shaba, na shaba kidogo sana isiyomdhuru samaki huua kamba, konokono na matumbawe. Tumia maji ya kuchujwa ya dukani, yale ya madumu ya lita 20, kwanza uyapime: mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka majini, isome sifuri au karibu yake. Unachoongeza kila siku kiwe maji baridi, kisiwe cha chumvi. Maji yanapopaa chumvi hubaki, ukiongeza ya chumvi juu yake baada ya wiki mbili utakuwa na maji ya kukaushia ng'onda.

La Dubai ni akriliki. Ubao wake wa mbele una urefu wa mita 32.88, kimo mita 8.3 na unene wa sentimita 75. Kioo cha kawaida cha unene huo kingekuwa kijani kibichi usione kitu, na uzito wake ungekuwa zaidi ya maradufu.

LIMEKUWA JEUPE

Fundi, habari za kazi. Tangi langu lina miezi mitano. Juzi umeme ulikatika saa 8 mchana ukarudi saa 3 usiku. Kipimajoto kilisoma 32. Samaki mmoja amekufa, na tumbawe moja laini limesinyaa na kuwa jeupe. Je, nilitupe? – Msomaji, Kinondoni

Pole sana. Usilitupe. Ndani ya nyama ya tumbawe kuna mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao hulilisha kwa kutumia mwanga. Joto likizidi, tumbawe humfukuza mpangaji huyo, na weupe unaouona ni mwili wake usio na rangi. Kama halinuki na halimeguki ukiligusa, bado lina uhai. Mwezi huu punguza mwanga uwe saa 5 au 6 kwa siku, badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, usilihamishe. Langu moja lilikaa jeupe wiki tano. Rangi ilianza kurudi kwenye vidole vya chini, kahawia hafifu, na nilikaa mbele yake na tochi nikihakikisha kwamba sijidanganyi.

Samaki wako nadhani hakuuawa na joto peke yake. Maji ya moto hushika hewa kidogo, na pampu ikisimama hewa hiyo inakwisha haraka katika lita 30. Kitu cha kwanza kununua ni pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika. Cha pili, weka kwenye friza chupa mbili za nusu lita zilizojazwa maji na kufungwa vizuri. Siku ya shida iache moja ielee ndani ya tangi, na uitoe kila joto linaposhuka nyuzi 1. Ukishusha ghafla utaongeza msiba juu ya msiba. Siku za kawaida, feni ndogo ya mezani inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzi 2 au 3. Kwangu feni hiyo inakausha karibu lita moja na nusu kwa siku, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya chai najaza maji baridi hadi kwenye alama niliyochora kwa kalamu ya wino mzito. Lenga nyuzi 26. Machi na unyevu wake feni haifanyi kazi vizuri, nami mwezi huo nazima taa mchana na kuwasha jioni tu.

Uliniuliza pia, pembeni mwa barua, kuhusu michirizi kwenye akriliki. Kitambaa laini na kadi ya plastiki ya zamani vinatosha kuondoa mwani. Wembe na skochi hapana. Hakikisha hakuna chembe ya mchanga iliyokwama kwenye kitambaa. Nje usipulizie dawa ya vioo yenye amonia wala spiriti, zitatoa zile nyufa za nywele. Mchirizi wa nje unaondoka kwa msasa wa maji, wa 1000 kisha 2000, na dawa ya kung'arishia rangi ya gari. Ni uzuri wa akriliki huo, kioo kikichubuka kimechubuka.

KANGAJA NA KITATANGE

Fundi, shikamoo. Nimejenga tangi kama lako, vipimo vilevile, lina mwezi wa tatu na maji yako sawa. Binti yangu wa miaka tisa anataka kangaja wa buluu na kitatange mmoja. Nimemwambia tutakuuliza wewe. – Mama wa mtoto, Unguja

Marahaba mwanangu, na hongera kwa subira ya miezi mitatu. Mwambie binti kwamba nimemwelewa, hao ndio samaki wazuri kuliko wote. Lakini kangaja wa buluu hukua kupita sentimita 20 na kutwa anaogelea. Sentimita 45 kwake ni kama yeye kufungiwa kabatini. Kitatange, wengi wao chakula chao ni matumbawe yenyewe. Tangi lingebaki mawe matupu.

Mpe kitu ambacho hata watu wenye matangi makubwa huja kwangu kukitazama. Kuna samaki mdogo mwenye mistari aitwaye gobi, na kamba mdogo mwenye kucha moja nene, wanaishi shimo moja. Kamba huchimba kutwa kucha, anatoa mchanga kama trekta dogo, ila karibu haoni. Gobi ana macho makali lakini hawezi kuchimba. Basi akiwa nje ya shimo kamba huweka papasi lake juu ya mkia wa gobi. Gobi akiona hatari hutikisa mkia mara moja, na kamba anarudi ndani kinyumenyume. Weka mchanga wa kina cha sentimita 5, na vipande vidogo vya makome kama punje za mahindi ili kamba awe na vifaa vya kujengea dari. Mfuniko wa wavu uwepo, gobi huruka. Wape chakula kidogo mara mbili kwa siku, na konokono watatu au wanne wa kula mwani watatosha. Hapo tangi limejaa, asiongezwe mwingine.

Binti akae mbele ya tangi jioni, kwenye saa 12 na nusu, taa zikiwa zinazimwa. Gobi ataingia kwanza, kisha mara nyingi kamba huja na vijipande vya kome na kufunga mlango kwa ndani. Na nyinyi wakubwa mkisikia usiku mlio mkali, "ta!", kama kijiti kimevunjwa, msikimbilie kukagua kona za boksi. Ni kamba anafyatua ile kucha yake nene.